MACHO YA WAVUVI WA NYASA YASIPUUZWE

Katika fukwe za Ziwa Nyasa wilayani Kyela, mvuvi aliyepita umri wa miaka 40 hulazimika kunyoosha mkono ili auone uzi anaoshonea wavu. Mkulima wa kakao naye huisogeza stakabadhi yake mbali na uso ndipo aisome. Watu husema uzee umebisha hodi, na jambo huishia hapo. Sisi hatukubali liishie hapo.

Jicho lina lenzi yake ya asili, ambayo husaidia kukusanya miale ya mwanga ikutane juu ya retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho. Ili tuone kitu cha karibu, lenzi hiyo hunenepa. Kadiri umri unavyosogea huwa ngumu, ikashindwa kunenepa, na maandishi yakafifia. Miwani yenye lenzi nene katikati huikusanya miale hiyo kwa niaba yake.

Mtoto asiyeona ubao yumo katika hali nyingine. Mara nyingi jicho lake ni refu kupita kiasi, na miale hukutana kabla ya kuifikia retina. Huyu huhitaji lenzi nyembamba katikati na nene pembeni, inayoitawanya miale kidogo. Wako pia ambao uso wa jicho lao haukupinda sawasawa, nao huona ukungu karibu na mbali. Ni dhahiri basi kwamba miwani ya kuazimana haifai, kwani imfaayo babu haimfai mjukuu.

Wasomaji wetu wa visiwani wasidhani kwamba haya ni ya Kyela peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa Zanzibar, karibu watu tisa kati ya kumi wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na upungufu wa kuona karibu, na kati yao hata mmoja kwa watano hakuwa na miwani ya kumfaa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 826 duniani walikuwa na upungufu huo bila ya kurekebishiwa.

Viongozi hawana budi kulitazama jambo hili kama suala la uzalishaji mali. Wavu ulioshonwa vibaya hupoteza samaki, na mkulima asiyesoma mizani hupunjwa. Kumpima mtu uwezo wa kuona karibu ni kazi ya dakika chache kwa kadi ya maandishi, na muuguzi wa zahanati aweza kufundishwa kuifanya. Walimu nao wamtazame mtoto anayekodoa macho kabla ya kumwita mzembe. Yule ambaye miwani haimsaidii apelekwe hospitali upesi, kwani huenda ana mtoto wa jicho au maradhi mengine.

Tunaziomba halmashauri za mwambao wa Nyasa na za visiwani ziupeleke upimaji huo vijijini, badala ya kumngoja mvuvi aufuate mjini.