Ukining'inia mtini, upinde utautundika wapi?

NDUGU msomaji, huenda una mwana, mpwa au binamu aliyevuka bahari kwenda Marekani kutafuta riziki. Na huenda, katikati ya picha za theluji na za gari jipya, siku moja uliletewa picha iliyokufanya uwaite majirani: kijana wako amening'inia mtini kama komba, kamba zimemzunguka kiunoni, na mbele yake kuna silaha isiyojulikana kama ni bunduki au ni upinde. Usishtuke. Hajarukwa na akili. Yuko mawindoni.

Yalinipata mimi pia. Mpwa wangu anaishi katika jimbo la Pennsylvania, na mzee mmoja jirani yake alimchukua msituni msimu wa mapukutiko ya majani. Aliponitumia picha hiyo nilimpigia simu papo hapo, nikamwuliza swali ambalo hata wewe ungeuliza: "Sasa hiyo silaha unaitundika wapi, na mwili wote umeshikwa na kamba?"

Alicheka. "Mjomba," akasema, "hilo ndilo swali lenyewe."

Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na anayetamani nyama ya porini heri atulie na mbuzi wake. Kule Marekani mambo ni tofauti. Kulungu wa mkia mweupe ni wengi hata huingia mashambani na kwenye bustani za watu, na serikali za majimbo hutoa leseni za kuwawinda kwa msimu. Kila jimbo lina sheria zake. Huko Pennsylvania upinde wa namna hii uliruhusiwa kwa wawindaji wote wa msimu wa pinde tangu mwaka 2009, lakini huko Oregon hauruhusiwi kuwindia hata kidogo. Kwa hivyo kijana wako asije akadhani kwamba kilicho halali kwa rafiki yake ni halali kwake pia.

Tuutazame kwanza huo upinde. Mwili wake ni wa bunduki: una kitako cha kuegemeza begani na mtambo wa kufyatulia. Lakini mahali pa mtutu pamelazwa upinde mfupi uliokaa kwa upana, na juu yake kuna mfereo ambamo mshale mfupi hulala. Mwindaji huuvuta upote, yaani kamba ya upinde, mpaka unase kwenye mtambo, na hapo upinde huwa umetegwa. Si mchezo. Nguvu za kuuvuta upote zaweza kupita ratili 150, na ndiyo maana wengi hutumia kamba maalumu au kishikio cha kuzungusha, mguu mmoja ukiwa umekanyaga kikuku cha chuma kilicho kwenye ncha. Mshale ukitoka huenda kwa mwendo wa mita 90 au zaidi kwa sekunde moja. Uzito wa silaha yote ni kama kilo tatu hadi nne, na haukunjiki kama mwavuli.

Na hicho anachokalia? Wamarekani hukiita tandiko, kama lile la farasi, ingawa hapa farasi ni mti. Ni mkanda mpana wa kitambaa kigumu unaozunguka nyonga na kubeba makalio. Mbele yake, kutoka nyonga moja hadi nyingine, kuna kamba fupi. Tuiite kamba ya kiuno. Kamba hiyo huunganishwa kwa pete ya chuma na kamba ya pili iliyofungwa kwenye shina, juu kidogo ya kichwa. Hii tuiite kamba ya mti. Miguu hukanyaga kibao kisichozidi sana ukubwa wa sinia. Mwindaji huutazama mti, magoti yakiugusa, huku amelala nyuma kidogo kama mtu aliye kwenye bembea, mita tano hadi saba kutoka ardhini. Kama umewahi kumwona mrina asali wa Ukambani akipandisha mzinga kwenye mbuyu, nusu ya mambo haya wayajua tayari.

Sasa yaweke mawili haya pamoja, msomaji. Uhai wa kijana wako umeshikwa na kamba mbili. Na silaha aliyo nayo hurusha mishale yenye chembe cha wembe mbili au tatu, wembe mkali wa kukata ngozi na mbavu. Kamba na wembe vitakaa saa tano bega kwa bega, gizani, katika baridi inayoganda vidole. Ukilielewa hili, umeelewa kwa nini mahali pa kutundika upinde si jambo la kuamua baada ya kufika juu.

Hatari ya kwanza huanza chini kabisa. Mtu asipande mti akiwa amebeba upinde. Mikono miwili na miguu miwili ni ya mti peke yake, na wakati wote wa kupanda kamba nyingine ya usalama huwa imelizunguka shina na kufungwa kiunoni. Upinde hubaki ardhini, umefungwa kwenye kamba ndefu ya kuvutia vitu. Wengi huutega huko chini kwa sababu kuvuta upote ukiwa unaning'inia ni taabu tupu. Lakini hata ukitegwa, mshale hauwekwi. Mishale yote hukaa ndani ya podo, chembe zimefunikwa, na upinde huvutwa juu ukiwa mtupu, kizuizi cha mtambo kimefungwa, ncha yake ikielekea chini. Mwenye tandiko awe amekwisha kujifunga kwa kamba ya mti kabla hajagusa kamba ya kuvutia. Hilo halina mjadala.

Upinde ukifika juu, unatundikwa kwenye mkanda wenye kulabu uliofungwa kulizunguka shina. Na hapo ndipo mpwa wangu alipokosea siku yake ya kwanza. Yeye hutumia mkono wa kulia, na kwa mazoea akautundika upinde upande wake wa kulia, chini karibu na goti. Kulungu akatokea kushoto. Kijana akainama, akaupitisha upinde mbele ya tumbo lake, na mkono mmoja wa upinde ukagonga kibao cha miguu: ko! Alichokiona baada ya hapo ni ule mkia mweupe umesimama kama bendera, ukipotelea vichakani.

Anayefyatulia bega la kulia hugeukia kushoto kwa urahisi zaidi kuliko kulia. Jaribu mwenyewe hapo ulipoketi, ukishika fimbo kama bunduki, utaona. Kwa hivyo hutakiwa kwanza kuchagua upande wa mti wa kukaa, ili njia ya wanyama iwe mbele yake kuelekea kushoto. Kisha upinde hutundikwa kwenye kimo cha kifua, kushoto kidogo ya shina, kitako kikielekea mkono wa kulia. Mkono wa kushoto unakuta mwili wa upinde, wa kulia unakuta kitako, na silaha inapanda begani bila kukatiza mbele ya mwili. Anayetumia kushoto atageuza yote haya. Faida nyingine ni kwamba shina lenyewe humficha. Kulungu hana macho makali ya kupambanua kitu kilichotulia, lakini kinachotikisika hakimpiti.

Podo nalo halikai hapo hapo. Mpwa wangu hulifunga upande wa pili wa shina, mbali na kamba zote mbili, na hutoa mshale mmoja tu, akiwa ametulia kabisa na mwanga umetosha. Huupachika upinde ukiwa umeelekea nje, kizuizi kikiwa kimefungwa. Kama baada ya hapo ataurudisha kwenye kulabu, ncha haitazami miguu yake, wala kibao, wala kamba. Wapo wasiopachika mshale mpaka wamwone mnyama. Mimi, ambaye sijawahi kupanda hata mpera tangu nioe, naona hao ndio wenye busara, lakini mpwa wangu anasema kishindo kidogo cha mshale kukaa mahali pake chatosha kumfukuza kulungu.

Jambo ambalo wageni hulisahau zaidi ni nafasi. Upinde wa kawaida husimama wima, lakini huu umelala, na mikono yake hufyatuka kwenda nje kwa kasi isiyoonekana. Ikiligonga shina, au ikiikuta kamba ya mti iliyo mbele ya uso, mshale hupotea njia na upinde waweza kupasuka mbele ya macho. Kabla ya kufyatua, pawe na angalau shibiri moja wazi kila upande. Mwindaji aweza kuegemeza kiwiko au goti kwenye mti ili asitikisike, bali mikono ya upinde isiguse kitu. Na kidole gumba cha mkono unaoshikilia mbele kikae chini ya mfereo. Upote ukikikuta juu hautakihurumia.

Mnyama akitokea upande mbaya, kulia na nyuma, hakuna haja ya kujinyonga shingo. Miguu hutembea taratibu kwenye ukingo wa kibao, tandiko linauzunguka mti, na upinde hupita chini ya kamba ya mti, si juu yake. Kama haupiti, basi huyo kulungu si wako. Mwache aende.

Haya yote hujifunzwa mchana, kwenye mti wa nyuma ya nyumba, kibao kikiwa mita moja kutoka ardhini. Kila kulabu iwe na mahali pake pasipobadilika, kwa maana siku ya mawindo hupangwa gizani kabla ya mapambazuko, na mkono ndio jicho.

Sasa nikueleze kuhusu kushuka, kwa sababu hapo ndipo damu yangu iliposisimka. Jioni moja, baada ya kukaa saa nyingi bila kuona hata sungura, mpwa wangu alichoka. Baridi ilikuwa kali na vidole vimekufa ganzi. Akauchukua upinde kutoka kwenye kulabu ili aufunge kwenye kamba ya kuushushia, mshale ukiwa bado umo. Aliusikia tu ukigusa kitu laini karibu na tumbo. Akautoa mshale, akashusha upinde, akashuka, akaenda zake nyumbani. Asubuhi yake, alipokuwa akianika tandiko, mkewe ndiye aliyeona: kamba ya kiuno ilikuwa na nyuzi zilizokatika, safi kabisa, kama zilizopitiwa na wembe wa kinyozi. Alikuwa ameshuka nayo hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo mshale hutoka kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Unarudi podoni, unafunikwa, ndipo upinde unaposhushwa. Uteguzi hufanyika ardhini, kwa kufyatua mshale butu ndani ya gunia lililojazwa matambara. Upote haufyatuliwi mtupu, kwani nguvu zote ambazo zingebebwa na mshale huurudia upinde wenyewe na kuuvunja. Kamba ile iliyojeruhiwa haikutumika tena.

Mkewe naye aliweka sheria yake. Kabla mume hajatoka, huandika kwenye karatasi ni mti gani atakaopanda na saa ya kurudi, akaibandika kwenye mlango wa friji. Mtu anayening'inia kwenye mkanda bila kuweza kusimamisha miguu anaweza kuzirai kwa kitambo kifupi damu ikisimama mapajani, hata kama hakuumia popote. Kwa hivyo simu hukaa mfuko wa kifuani, pahali mkono utafika, na kitanzi cha kuwekea mguu hakikosi kando yake.

Novemba iliyopita alinitumia picha nyingine kutoka mtini, alfajiri, ukungu umetanda. Niliikuza nikaikagua kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Upinde kushoto, kimo cha kifua. Kitako kulia. Kamba ya kiuno mpya, ya rangi ya chungwa. Podo upande wa pili. Nikamwandikia swali moja tu: mshale uko wapi?

"Podoni, Mjomba," akajibu. "Bado giza."