Mlinzi wa Getini Naye Ana Kwao

Vichekesho vingi vya wanafunzi wa filamu vina mlinzi getini. Ni Mmakonde, ana chale za kuchorwa kwa wanja, koti kubwa kuliko mwili na lafudhi ya kuchekesha. Anatokea, anachekwa, hadithi inaendelea bila yeye. Ukimuuliza mwandishi wa muswada mlinzi huyo kwao wapi, atakujibu "kusini" na kuona amemaliza.

Hiyo ndiyo dhana mgando: kundi zima la watu linabanwa ndani ya sifa mbili tatu, kisha kila mmoja wao anatarajiwa kuwa nazo. Wanafunzi huitafuta kwenye mazungumzo, wakifuta tusi hapa na kejeli pale. Mimi huanza kwenye kazi aliyopewa mhusika. Bosi ana madeni, mkewe ana wivu, dereva ana mpenzi. Mlinzi ana lafudhi tu. Hakuna anachokitaka. Waliosoma fasihi shuleni watamwita mhusika bapa, ila kwenye filamu ubapa huo huanza hata kabla hajafungua mdomo. Bosi anapigwa picha usawa wa macho, mlinzi anapigwa kutoka juu, kupitia dirisha la gari. Bosi akiwaza, kamera inamsogelea. Ikimsogelea mlinzi, ni kwa ajili ya chale. Ukifuta kila neno la dharau, dharau itabaki palepale kwenye picha.

Kamera yenyewe ina historia ndefu huko kusini. Mwaka 1906, Vita vya Majimaji vikiwa bado havijapoa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Masasi na Newala akiwa na kamera ya sinema na fonografu ya kunasia sauti. Alinasa ngoma, nyimbo, nyuso zenye chale na midomo yenye ndonya, lile pambo la mdomo. Kumbukumbu hizo zina thamani kubwa, sikatai. Lakini alichokuwa akikitafuta ni sura ya kabila, na mtu aliyesimama mbele ya lenzi alikuwa mfano wake tu.

Wamakonde nao hawakuwa watu wa kutazamwa tu. Wachongaji wao wa vinyago vya ngoma walimchonga Mzungu wa serikali na wageni wengine, wakatia chumvi kwenye pua, ndevu na kofia, na uwanja mzima ukacheka. Kuna pia kinyago cha kiwiliwili cha mwanamke mjamzito, kinachovaliwa kifuani na mchezaji mwanamume. Kwa hiyo dhana mgando zilikuwepo tele, za wanawake zikiwemo, na wapenzi wa utamaduni wetu tusijifanye hatuzioni. Hata hivyo, Mzungu aliyechekwa jioni alibaki na madaraka yake asubuhi. Kijana wa Newala anayechekwa kwenye filamu kesho anaomba kazi mjini kwa watu walewale waliocheka.

Kingine ni kuwachanganya watu. Masasi kuna Wamakua, Wayao, Wamwera na Wamakonde, lakini kwenye muswada wa Dar es Salaam wote wanaitwa Wamakonde. Humo pia wote hawakusoma, ingawa Rais wa zamani Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938.

Je, mlinzi aondolewe? Hapana, walinzi wapo na vichekesho ni halali. Mpe shida yake, kwa mfano ya korosho. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za wanunuzi wa korosho mnadani. Mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kuzinunua korosho hizo yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Sasa mweke mlinzi getini siku ya mnada, simu sikioni, dada yake akimsomea bei kutoka ghalani. Ana magunia yake huko, na ada ya mtoto inasubiri. Bosi anapiga honi, mlinzi anamwonyesha kiganja: subiri kwanza. Watu watacheka, tena sana, maana wanajua anachokisubiri. Kamera nayo italazimika kushuka hadi usawa wa macho yake ili tumwone akipiga hesabu.

Kuhusu chale, wenye nazo leo ni wazee. Ukimchora kijana wa miaka 20 umekosea kizazi, na mtazamaji wa Newala atakukamata dakika ya kwanza.

Unyago, yaani mafunzo ya wasichana wanapokua, ndio mtego mkubwa zaidi, kwa sababu mwanamke wa kusini hufanywa fundi wa kitandani na basi. Mafunzo ya ndani ni siri ya wenyewe, na kibali cha Bodi ya Filamu hakikupi ruhusa ya kuingia huko. Zungumza na kungwi anayefundisha na familia kabla ya kufungua begi la kamera. Vya kupiga picha nje havikosekani: mama anayehesabu fedha za korosho kuona kama sherehe inawezekana mwaka huu, mashangazi wanaogombania sare ya khanga, mjomba aliyeahidi mchele na hapatikani kwenye simu, na siku ya mwali kutoka unyagoni, anapotembezwa mbele za watu huku yeye akiwaza mtihani wa darasa la saba.