Daktari wa "Narsisisti" Utampata Wapi Mbulu na Hanang?

Siku hizi neno narsisisti limekuwa la bei rahisi hapa chuoni. Mpenzi asipojibu meseji siku mbili, narsisisti. CR akijipiga picha na mgeni rasmi, narsisisti. Mhadhiri aliyetoa sapu kwa nusu ya darasa, huyo ndiyo kabisa. Ni utani, na utani hauna shida. Shida ni kwamba katikati ya kelele hizo yupo mwenzetu anayeuliza kwa dhati na hakuna anayemjibu. Kwa sisi tunaotoka Mbulu na Hanang swali huja hivi: kaka yangu ndoa ya pili inavunjika, kazini kafukuzwa tena, na kila kosa ni la mtu mwingine, nimpeleke kwa nani? Na mara mojamoja, kwa sauti ya chini, huja hivi: nadhani ni mimi. Niende wapi?

Jibu fupi ni kwamba ukitafuta "daktari wa narsisisti" katika wilaya zetu hutampata. Msaada upo, ila unaingiliwa kwa mlango mwingine.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Tuliosoma saikolojia ya elimu tunakumbuka mada ya haiba: ile namna ya kudumu ya mtu kufikiri, kuhisi na kuishi na wenzake. Tatizo la haiba ni pale namna hiyo inapokakamaa kiasi cha kumuumiza mwenyewe na walio karibu naye, miaka nenda rudi, nyumbani na kazini. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliingiza unarsisisti kwenye mwongozo wake mwaka 1980. Mwongozo wa sasa unataja dalili 9, na mtu anatakiwa awe na angalau 5: kujiona mkubwa kupita kiasi, kudai sifa muda wote, kuona anastahili kutendewa tofauti na wengine, kutumia watu, kutojali wengine wanajisikiaje, wivu, na kadhalika. Kinachosahaulika ni kwamba nyuma ya majigambo hayo mara nyingi kuna mtu dhaifu sana. Neno dogo la kukosolewa linamchoma kama vile amevuliwa nguo sokoni. Ndiyo maana wengi wao hawaji hospitali wakisema "najisifu mno". Wanaletwa na sonona, pombe, au mawazo ya kujiua baada ya kupoteza kazi au mke.

Tena tuwe waangalifu na nyumbani kwetu. Mzee mwenye ng'ombe wengi anaweza kuongea peke yake kikao kizima na asipende kupingwa na kijana. Hiyo ni nafasi aliyopewa na jamii, wala si ugonjwa. Ukitaka kupima, mwangalie akiwa na wazee wenzake. Kama nao anawadharau, hana rafiki aliyedumu, na watoto wote wamemkimbia, hapo kuna jambo. Na hata hapo, wewe na mimi hatutoi hukumu ya kitabibu. Tunampeleka mtu kwa anayeweza kuitoa.

Sasa twende kwenye mlango. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani lilianza kutumika Januari 2022, na humo unarsisisti haupo kama ugonjwa wenye jina lake. Daktari anaangalia kama kuna tatizo la haiba, ni dogo, la kati au kubwa, kisha anaeleza tabia zinazojitokeza. Kwa hiyo ukifika dirishani ukasema "natafuta mtaalamu wa narsisisti", muuguzi atakutazama tu. Ukisema "hii ni kazi ya tatu nafukuzwa kwa ugomvi, silali, nakunywa sana na mke ameondoka", ana pa kuanzia. Yaani nenda na matatizo yako, jina liache mlangoni.

Kwa mtu wa Hanang, pa kuanzia ni hospitali ya wilaya pale Katesh. Kwa mtu wa Mbulu mjini au Dongobesh, ni hospitali ya Mbulu. Usitegemee kukuta bingwa wa akili. Madaktari hao kwa nchi nzima ni wa kuhesabu, wakati sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania zaidi ya milioni 61. Utakachoomba ni kuonana na muuguzi au tabibu anayeshughulikia afya ya akili, na kama hayupo, afisa ustawi wa jamii. Hao ndio wanaokusikiliza mara ya kwanza na kukuandikia rufaa. Barua ya rufaa, tafadhali, itoe nakala ubaki nayo.

Hatua ya pili kwa wengi wetu ni Haydom. Hospitali ile ya Kilutheri ilifunguliwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, sasa iko chini ya KKKT Dayosisi ya Mbulu, na ina huduma ya afya ya akili. Wa Katesh wanafika kwa kupita Basotu. Wengine hupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa Babati. Kesi ikizidi hapo, kuna KCMC Moshi, na kuna Mirembe, Dodoma.

Mirembe niiseme kidogo. Tumekua tukisikia jina hilo kama tusi: "huyu wa kupeleka Mirembe". Matokeo yake, ukimtajia mtu mwenye kiburi cha kuumia haraka kwamba aende Mirembe, umeshampoteza. Lakini ni hospitali ya taifa, ina kliniki ya kuhudhuria na kurudi nyumbani, na kwa mwanachuo anayesoma Dodoma ni safari ya daladala tu.

Tiba yenyewe ni mazungumzo. Hakuna kidonge cha unarsisisti. Dawa hutolewa kwa sonona au wasiwasi unaoandamana nao. Na ni mazungumzo ya muda mrefu, kila wiki, pengine mwaka na zaidi. Mabingwa wawili wazaliwa wa Vienna walioshika mada hii Marekani kuanzia miaka ya 1960 na 1970, Heinz Kohut wa Chicago na Otto Kernberg wa New York, walitofautiana hapohapo. Kohut aliona mtaalamu aanze kwa kulielewa jeraha la mgonjwa. Kernberg aliona majigambo yenyewe yawekwe mezani mapema. Sisi ugomvi wao hautuhusu sana, ila unatusaidia kuchagua. Mnasihi anayekusifia tu atakufurahisha bila kukusaidia, na anayekufokea utamkimbia wiki ya pili. Unamtafuta anayeweza kukuambia ukweli na wiki ijayo ukatamani kurudi.

Maswali ya kumuuliza siku ya kwanza yawe machache na ya wazi. Umesomea nini, na wapi? Umewahi kufanya kazi na mtu ambaye kila mahali anagombana? Tutaonana mara ngapi, na kwa muda gani? Siku nikikasirika nikataka kuacha, utafanyaje? Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote, kwa sababu watu wenye tatizo hili huacha tiba njiani kwa wingi, na kwa kawaida wanaacha siku walipohisi wamedharauliwa. Mtaalamu aliyekomaa atakuwa na jibu. Asiyekomaa atakuambia "hutakasirika".

Kuna watakaosema sisi watu wa milimani hatuna utamaduni wa kukaa na mgeni na kumweleza ya moyoni. Mimi sikubali. Desemba 3, 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh, pamoja na chakula na magodoro walikuja pia wataalamu wa ustawi wa jamii na saikolojia. Watu walikaa nao, wakaongea, wakalia. Kilichowawezesha ni kwamba mtaalamu alikuwa amefika na hakuna aliyeona aibu ya kuonekana naye. Siku za kawaida vyote viwili ni adimu.

Aibu hiyo ina sababu. Mji kama Haydom au Katesh kila mtu ni shemeji wa mtu. Muuguzi wa kliniki anaimba kwaya na mama yako. Basi uliza waziwazi: faili langu linakaa wapi, na nani analisoma? Una haki ya kuuliza. Wengine huona heri kupanda basi mpaka Babati, na si ujinga. Wengine huanza ana kwa ana, kisha wanaendelea kwa simu. Kwa simu inawezekana, mradi upate chumba cha kuwa peke yako, kitu ambacho hosteli zetu za watu sita hazitoi.

Kuhusu pesa, wengi wetu tuna ile bima ya 50,400 kwa mwaka. Kabla ya kuingia ndani uliza mapokezi kama inapokelewa kwa vikao vya unasihi au kwa kumwona daktari tu. Mtaalamu binafsi muombe bei ya mwanafunzi; kuuliza si kosa. Na usipange tiba ya kila wiki kwa kutegemea bumu. Anzia mahali unapolala wiki nyingi za mwaka. Kama ni chuoni, anza na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na likizo usiifanye mwanzo wa tiba, kwa sababu wiki sita baadaye utakuwa umeondoka.

Limebaki la yule kaka. Mtu mzima humburuzi kwenye tiba ya mazungumzo. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ina masharti yake ya kumlaza mtu bila ridhaa, na majivuno hayamo. Unachoweza ni kusubiri siku anapoumia, maana siku hiyo huja, na kumwambia: "Kaka, naona hulali. Twende wote." Usimtajie narsisisti. Akisema anataka kufa, usisubiri miadi ya mtu yeyote. Ni hospitali ya karibu, usiku huohuo, na usimwache peke yake njiani.

Na wewe unayeishi naye, au shemeji yako anayeishi naye, kliniki ni yenu pia hata kama yeye amekataa kata kata. Mke anayetukanwa kila siku anaruhusiwa kwenda kwa afisa ustawi wa jamii kwa ajili yake mwenyewe. Kukiwa na kupigwa, hiyo si kesi ya saikolojia tena. Ni Dawati la Jinsia na Watoto, polisi, na aende na mtu wa kumsindikiza.