Ghala la Mboga Rayners Lane: Tujenge kwa Hewa ya Hapa

Kishamba tunacholima pamoja na familia zetu hapa Rayners Lane hakijawahi kutunyima mavuno. Tunachokosa ni mahali pa kuyaweka. Kati ya Agosti na Oktoba tunachimba viazi na karoti, tunang'oa vitunguu na kukata maboga, halafu kila familia inabeba fungu lake. Ifikapo Januari sote tuko dukani tunanunua tena. Msimu uliopita viazi vingine viligeuka kijani na vingine vikachipua, na wazee wakaanza kusema bora kishamba kirudishwe kwa wenyewe. Hatimaye wamekubali kusubiri msimu mmoja zaidi, na sisi vijana watano wa chama tumekabidhiwa kazi ya kujenga ghala.

Wazo la kwanza lilitoka Ukambani: friji ya mkaa. Unajenga fremu ya mbao, unaweka kuta mbili za waya na kujaza mkaa katikati, kisha unaudondoshea maji. Upepo ukipita, maji huwa mvuke na ndani kunapoa. Ni sayansi ile ile ya mtungi wa maji. Kwa Makueni, penye hewa kavu, inafaa sana. Mombasa haina nguvu hiyo, kwa sababu hewa ya pwani imeshiba unyevu tayari. London ya Novemba nayo ina unyevu mwingi, tena baridi ipo ya kutosha. Adui wetu ni baridi inayogandisha, na mkaa uliolowa hauizuii.

Wazo la pili lilikuwa shimo. Wakulima wa Uingereza walizoea kurundika viazi juu ya majani makavu na kuvifunika kwa udongo. Lakini udongo wa hapa ni mfinyanzi mzito unaoshika maji. Shimo letu lingekuwa kisima kabla ya Krismasi. Tukaamua kujenga juu ya ardhi.

Shangazi mmoja mwenye asili ya Usukumani alituuliza kwa nini hatukaushi. Kwao viazi vitamu hukatwa vibichi na kuanikwa, vikawa michembe, au huchemshwa kwanza, vikawa matobolwa, na hukaa miezi bila ghala la baridi. Alitukumbusha kwamba si kila kitu lazima kihifadhiwe kikiwa kibichi. Basi nyanya na mboga za majani tumeziondoa kwenye mpango. Hizo tutazikausha au kuzigandisha.

Kazi ngumu ilikuwa kujua kila zao linataka nini. Viazi vya kupika vinataka giza, unyevu na joto la nyuzi 7 hadi 10. Mwanga huvifanya kijani na kuvitia sumu. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 4, wanga wake huanza kuwa sukari na chipsi hutoka nyeusi. Karoti zinapenda baridi ya karibu nyuzi 0 na unyevu mwingi. Vitunguu vinaipenda baridi hiyo hiyo, lakini penye ukavu. Maboga yanataka ukavu na nyuzi 10 hadi 13. Chumba kimoja hakiwezi kuwaridhisha wote hawa.

Kwa hiyo ghala litakuwa na sehemu mbili, upande wa kaskazini wa kibanda cha zana, ambako jua halifiki. Sehemu ya viazi itakuwa na kuta mbili za mbao zenye sufi katikati, na sakafu iliyoinuliwa kwa matofali. Sehemu ya pili itakuwa nyepesi zaidi: karoti chini, ndani ya masanduku ya mchanga wenye unyevu, na vitunguu juu kwenye nyavu, karibu na tundu la hewa. Kila sehemu ina tundu chini na jingine juu, yote yenye waya wa kuzuia panya. Upepo hautakosekana: wenyeji wa zamani walikibandika kituo cha treni cha hapa jina la utani la Njiapanda ya Nimonia. Usiku wa barafu matundu yatafungwa. Maboga yatalala nyumbani, juu ya kabati.

Ukubwa tuliupata kwa hesabu. Mita moja ya ujazo hubeba takriban kilo 650 za viazi. Sisi tunategemea kilo 200, yaani theluthi moja tu ya mita hiyo. Tukaongeza mara mbili, ili hewa ipite na mkono ufike kwenye kiazi kilichooza kabla hakijaambukiza wenzake. Kwa kuwa kishamba ni cha kukodi, hatutapigilia msumari kabla ya kupata kibali cha maandishi.

Wanachama, tunahitaji mikono, mbao zilizotumika na kipimajoto. Walimu wetu, tunahitaji maneno. Kihenge na uchaga tunavijua, lakini hivyo ni vya nafaka. Kama kwenu kuna jina la mahali viazi vinapopumzishwa, tuleteeni tuliandike mlangoni. Mwezi Machi wazee watakuja kukagua, na ndipo tutakapojua kama kishamba kinabaki.