Mkunga wa Mtoni, Samaki Azaliwaye Baharini

Mvua za masika zinapojaza vijito vyetu huku Kibuta na Kisarawe yote, huenda mvuvi akakuta ndani ya mgono wake kitu kirefu, cheusi, chenye utelezi, kinachojinyonganyonga. Wengine hukimbilia panga wakisema ni nyoka. Si nyoka, ni mkunga. Mtazameni vizuri: nyuma ya kichwa ana mapezi mawili madogo, tena ana pezi refu litokalo mgongoni, likazunguka mkia na kurudi tumboni. Nyoka hana pezi. Wala si kambale, maana hana ndevu.

Katika mito yetu iingiayo Bahari ya Hindi, kama Ruvu, Wami, Rufiji na Pangani, wapo mikunga wa namna kadhaa. Mkubwa kuliko wote, mwenye mabaka mwilini, aweza kufikia urefu wa mita mbili.

Je, yuko mtu aliyepata kumpasua mkunga wa mtoni akakuta mayai yaliyokomaa? Jambo hili liliwasumbua wataalamu tangu kale. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mikunga hutoka matopeni. Mwaka 1876 kijana Sigmund Freud, aliyejulikana baadaye kwa elimu ya nafsi, alipasua mikunga wapatao 400 mjini Trieste akitafuta viungo vya uzazi vya dume, wala hakupata jibu la hakika. Inachekesha kidogo, kwa kuwa jina lake ni sawa na la mama mzalishaji, na kumbe uzazi wake mwenyewe umefichika hivyo!

Sababu ni hii: mkunga hatagi mtoni. Hutaga baharini, mbali sana, penye kina kirefu. Kwa mikunga wa kwetu, wataalamu wanaona kwamba mahali penyewe ni mashariki ya Bukini, yaani Madagaska. Mayai ya mikunga wa Japani yalipatikana mwaka 2009 katika Bahari ya Pasifiki, karibu na visiwa vya Mariana.

Yai likianguliwa hutoka kitoto chenye umbo la jani la mwembe, lakini kidogo sana, tena kiangavu hata ungeweza kusoma gazeti hili kupitia mwilini mwake. Hakina nguvu ya kwenda mbali. Mkondo wa bahari hukichukua miezi kadhaa mpaka pwani yetu. Hapo hubadilika: ubapa wake hupungua, kikawa kama uzi wa kioo, kikaingia mtoni usiku pamoja na maji kujaa. Baadaye hupata rangi na kuanza kupanda. Vitoto hivi, vifupi kuliko kidole, hujibandika kwenye mwamba wenye unyevu na kuyapanda maporomoko kidogo kidogo.

Huko juu mkunga hukaa miaka kumi au zaidi katika mashimo, chini ya mawe na mizizi, akitoka usiku kula kaa, vyura na samaki wadogo. Kwa kuwa hupumua hata kwa ngozi, usiku wa mvua aweza kupita kwenye majani mabichi kutoka maji haya hata maji yale.

Kisha siku zake hutimia. Tumbo hugeuka jeupe lenye kung'aa, macho huwa makubwa, utumbo husinyaa, naye huacha kula kabisa. Mto ukifurika, usiku wa giza, huteremka baharini, hutaga mara moja tu, akafa.

Basi mto ukizibwa, mkunga hana njia. Katika Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na ukuta wake unapita mita 130. Faida ya umeme hatuikatai. Lakini kitoto cha kidole kitapandaje ukuta ule? Na yule mkubwa ateremkaye hukutana na mitambo. Katika nchi nyingine huwekwa vijia vyenye brashi na maji yanayochuruzika ili vitoto vipande. Kwa maoni yangu, jambo hili lafaa kuulizwa kabla saruji haijakauka.

Nasi vijijini tuna letu, nalo ni utupa. Sumu ikitiwa kidimbwini huua kila kitu, wakubwa kwa wadogo, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza kuvua kwa sumu. Perege waliobaki wataweza kuzaana hapo hapo. Mkunga hawezi, badala yake sharti atoke Bahari ya Hindi, akue tena miaka kumi. Ndiyo maana hata bwawa la kufugia halimfai kama shamba la uzazi.

Yule mwenye tumbo jeupe na macho makubwa ndiye mwenye mafuta mengi, nayo ni akiba yake ya safari. Najua ni vigumu kumwachia, hasa watoto wakingoja kitoweo, lakini bado hajataga hata yai moja.

Kwa akina mama: damu mbichi ya mkunga ina sumu. Isiingie machoni wala kwenye kidonda. Moto huiharibu sumu hiyo, kwa hiyo msugueni kwa majivu kuondoa utelezi, mkateni vipande, mkampike mpaka nyama iive hata mfupani.