Kipaji Hakipimwi kwa Urefu Peke Yake
Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili miongoni mwa vijana waliowania kuingia ligi ya kikapu ya NBA, Marekani. Wapimaji walivutiwa na kimo chake, zaidi ya mita 2, na umahiri wake wa kuzuia mipira. Stephen Curry, mfupi kuliko yeye, alikuwa wa saba. Thabeet alicheza misimu mitano. Curry ametwaa ubingwa mara nne.

Enyi wazazi wa Tukuyu na Rungwe nzima, mtoto anaposifiwa mapema uwanjani, msimwachishe masomo. Kipaji ni amana ya Allah. Hukuzwa kwa nidhamu, subira na swala. Wapimaji hukosea, elimu humbakia.