Uadilifu Katika Kupima Hoja



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: dini yetu imetutaka tuihakikishe habari kabla ya kuipokea. Leo tunapenda kuitumia amri hiyo katika jambo linalobishaniwa sana: je, ni kweli kwamba dunia inazidi kupata joto, na kwamba mwanadamu ndiye sababu?

Tarehe 26 Februari 2015, Seneta James Inhofe aliingia katika Baraza la Seneti la Marekani na bonge la theluji. Alisema nje kuna baridi kali, kisha akalirusha. Alikusudia kuwapinga waliotangaza kwamba mwaka 2014 ulikuwa na joto kuliko miaka yote iliyopimwa mpaka hapo. Theluji ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa katika hukumu. Hali ya hewa ni ya siku na mahali. Tabia ya nchi ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30. Majira hayo hayo, jimbo la California lilikuwa na joto lisilo la kawaida. Kadhi anayemsikiliza shahidi mmoja na kuwafungia wengine mlango, huyo hakuhukumu, amechagua. Na waliobaki nje ni wengi: kila mwaka tangu 2015 hadi 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka wowote uliopimwa kabla ya 2015.

Wengine husema: tabia ya nchi imebadilika tangu kale, kabla ya viwanda, basi mwanadamu hana kosa. Neno la kwanza ni kweli, la pili halitoki ndani yake. Radi huchoma nyumba; je, hiyo ni hoja ya kumwachilia aliyetia kiberiti makuti ya jirani? Hutazamwa alama. Hewa ukaa, ambayo huzuia joto lisitoke, ilikuwa sehemu 280 katika milioni kabla ya zama za viwanda. Charles Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kiasi cha 315. Sasa imepita 420. Tena tabaka la juu la hewa limepoa huku la chini likipata joto. Lau sababu ingekuwa jua, yote mawili yangepata joto.

Haya si mabishano ya barazani tu. Katika Maldivi, nchi ya Waislamu wenzetu, sehemu kubwa ya ardhi haifiki mita 1 juu ya bahari, na bahari inapanda. Tarehe 17 Oktoba 2009, Rais Mohamed Nasheed na mawaziri wake walikutana chini ya maji kuyaomba mataifa yachukue hatua. Hapa nasi tuwe waadilifu: mkutano ule haukuwa ushahidi, kama theluji ile isivyokuwa. Ulikuwa kilio cha jirani. Ushahidi umo katika vipimo.

Basi enyi wazazi, na nyinyi vijana mnaosoma, mkiletewa hoja ulizeni matatu: Je, mashahidi wote wamesikilizwa? Je, hukumu inatokana na ushahidi? Na tukikosea, atakayedhurika ni nani?

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu wa kauli na wa hukumu. Amin.